Vijiti 110: Haki za Binadamu Zilitoka Wapi?



Kila tunapozunguka matawini, kwenye mashamba ya chai na miwa na viwandani, tunaulizwa swali lile lile. Tukitaja haki za binadamu, mtu husimama akasema: "Hayo ni maneno ya wasomi na mabalozi. Sisi tupeni glavu za kunyunyizia dawa, tupeni na malipo ya saa za ziada." Swali hilo ni la haki, na halifai kujibiwa kwa hotuba tupu.

Tumeonelea tulijibu kwa kueleza mambo yaliyotokea kwa jirani zetu, nchini Kongo. Huko neno "haki" lilipita njia yote: lilitoka kwa wanafalsafa, likaingia katika mikataba ya wafalme, katika barua, vitabu na picha, na mwisho likafika mahakamani. Na waliokuwa katikati ya mambo hayo walikuwa watu wa kazi kama sisi, waliolazimishwa kuchuma mpira.

Maneno mazuri katika karatasi

Mwaka 1785 mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, alieleza kwamba vitu vina bei, kwa kuwa kitu chaweza kubadilishwa na kingine. Mtu hana bei. Ana hadhi, na si halali kumtumia kama chombo tu cha kumnufaisha mwingine. Wazee wetu walilijua jambo hilo bila kumsoma Kant. Waliliita utu.

Mwaka 1789 Wafaransa walitangaza kwamba watu huzaliwa huru na wenye haki sawa. Lakini wakati ule ule Ufaransa ilikuwa na watumwa katika mashamba ya miwa ya visiwani. Watumwa wa Haiti waliasi mwaka 1791, na ndipo Ufaransa ilipofuta utumwa mwaka 1794. Napoleon aliurudisha mwaka 1802, nao ukaendelea katika makoloni ya Ufaransa mpaka mwaka 1848. Tunaona basi tangu mwanzo kwamba neno zuri peke yake halimfungui mtu mnyororo.

Hapa Afrika mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1885 mataifa makubwa yalimaliza mkutano wao mjini Berlin na kutia sahihi hati. Kifungu cha 6 cha hati hiyo kiliahidi kuwalinda wenyeji, kuiboresha hali yao ya maisha, na kusaidia kuukomesha utumwa. Mwaka huo huo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliichukua Kongo, na kwa ajabu ya dunia ikawa mali yake mwenyewe. Hakukanyaga nchi hiyo hata siku moja.

Leopold alijitangaza kuwa mpinzani wa biashara ya watumwa iliyofanywa na watu wa Pwani. Ni kweli biashara hiyo ilikuwapo, tusifiche. Kiswahili chenyewe kilifika mashariki ya Kongo pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Lakini mwaka 1887 Leopold huyo huyo alimteua Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, kuwa gavana wake kwenye maporomoko ya Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani.

Mpira

Mwaka 1888 Dunlop alitoa tairi lake la kujazwa upepo. Baiskeli, na baadaye magari, zikataka mpira kwa wingi, na misitu ya Kongo ilikuwa na mimea itambaayo yenye utomvu wa mpira. Leopold alitoa amri kwamba ardhi yote asiyokaa mtu, pamoja na mazao yake, ni mali ya serikali yake. Kwa hiyo mwanakijiji aliyechuma mpira katika msitu wa babu zake alihesabiwa kuwa mwizi, asipouleta kwa serikali au kwa kampuni iliyopewa eneo lile.

Kila kijiji kiliwekewa uzito wa mpira wa kuleta. Wanaume walipokwenda mwituni, mara nyingi wake zao walifungwa kama rehani mpaka mpira utimie. Usipotimia, walipigwa mjeledi wa ngozi ya kiboko. Ndiyo maana katika lugha yetu jina la mnyama huyo limekuwa pia jina la kipigo. Askari waliopewa risasi walitakiwa waonyeshe mkono uliokatwa kwa kila risasi waliyotumia, ili kuthibitisha kwamba hawakuipoteza kwa kuwinda. Wengi wa askari hao walikuwa Waafrika wenzetu chini ya maofisa wa Kizungu. Tunalisema hili kwa sababu mpaka leo mnyonyaji hupenda kumtuma nyapara aliyezaliwa kijiji kimoja nawe.

Barua, hesabu na picha

Ubaya huo ulijulikanaje?

Wa kwanza tunayemtaja ni George Washington Williams, Mwafrika wa Marekani, aliyekuwa askari na kisha mwandishi wa historia. Mwaka 1890 alisafiri Kongo, akauliza watu, akaandika. Tarehe 18 Julai 1890, akiwa Stanley Falls, alimwandikia Leopold barua ya wazi akimshitaki kwa ulaghai wa ardhi, kazi ya shuruti na ukatili. Miezi miwili baadaye, katika barua kwa serikali ya Marekani, aliyaita mambo hayo uhalifu dhidi ya ubinadamu. Yalikuwa maneno matatu tu, na wakati ule hapakuwa na mahakama yoyote iliyojua kosa la jina hilo. Williams alikufa mwaka 1891. Tuyashike maneno yake, maana tutayarudia.

Wa pili alikuwa karani. E. D. Morel aliajiriwa na kampuni ya meli ya Liverpool, na kazi yake ilimfikisha katika bandari ya Antwerp. Huko aliona meli zikija kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe. Zilipokuwa zinarudi zilichukua zaidi bunduki, risasi na askari. Bidhaa za kununulia mpira hazikuonekana. Morel alipiga hesabu akaelewa: kama mpira haununuliwi, basi unachumwa kwa nguvu. Aliacha kazi, na mwaka 1904 akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha kupigania mabadiliko Kongo. Hakuwa mwanafalsafa. Alikuwa mtu aliyejua kusoma daftari la mwajiri.

Wa tatu alikuwa balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, aliyesafiri juu ya mto mwaka 1903 na kuwahoji watu. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1904. Serikali yake iliondoa majina ya mashahidi na vijiji ikaweka herufi tu, jambo lililomkasirisha, kwa kuwa taarifa isiyo na majina ni rahisi kuikana.

Wa nne alikuwa mmisionari mwanamke, Alice Seeley Harris, aliyekuwa na kamera. Mwezi Mei 1904, huko Baringa, alifika mtu anayeitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamemwua binti yake mdogo, na Nsala alileta kilichobaki: mkono na mguu mdogo. Katika picha tunamwona ameketi barazani akivitazama. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa ukutani kwa taa katika kumbi za Uingereza na Marekani, watu wakafurika kuziona. Mwaka 1905 mwandishi Mark Twain alitoa kijitabu cha kejeli ambamo Leopold mwenyewe anasema peke yake, na anailalamikia kamera kuwa ndiyo shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga.

Vijiti vya Lontulu

Kwa kelele hizo Leopold alilazimika kuteua tume ya uchunguzi, nayo ilifika Kongo mwaka 1904. Pengine alitumaini kwamba tume yake itamsafisha. Lakini safari hii Waafrika wenyewe waliitwa kutoa ushahidi, na walikuja.

Mmoja wao alikuwa Lontulu, mkuu wa Bolima. Yeye mwenyewe alikuwa amepigwa mjeledi, amefungwa kama rehani, na kufanyishwa kazi katika minyororo. Hakuwa na karatasi, wala hakuwa na kamera. Alileta vijiti 110, akavitandaza mbele ya wakubwa wale. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa watu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Alivigawa katika mafungu manne: wakuu, wanaume, wanawake na watoto. Kisha akataja majina, kijiti kwa kijiti.

Ndugu, tuliangalie jambo hili vizuri. Mtu asiyejua kusoma alitunza hesabu, akaitunza kwa mpango, na akaitoa mbele ya wenye mamlaka bila ya kuogopa. Tume ile ya mfalme mwenyewe ilishindwa kukana. Taarifa yake ya mwaka 1905 ilithibitisha maovu mengi, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Lakini maneno ya mashahidi wale hayakuchapishwa. Yalifungiwa katika hifadhi ya nyaraka kwa miaka mingi. Mkubwa akishindwa kuukana ushahidi, huuficha.

Sheria zaja, shuruti yabaki

Je, mwaka 1908 ulileta haki? Ulileta nafuu, haki haikufika. Kodi ya fedha taslimu iliwasukuma watu kwenye migodi na mashamba. Tangu mwaka 1917 vijiji vililazimishwa kulima pamba. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba namba 29 wa kupiga marufuku kazi ya shuruti, ingawa uliwapa wakoloni muda wa mpito. Mwaka uliofuata, 1931, Wapende waliokatishwa ngazi za michikichi kwa ujira mdogo waliasi, na mamia yao waliuawa. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi ya shaba huko Elisabethville waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Walikusanywa katika uwanja wa mpira, wakapigwa risasi. Makumi walikufa, na mmoja wa wasemaji wao, Léonard Mpoyi, alikuwa kati yao.

Katika Rwanda na Burundi pia, zilizokuwa chini ya Ubelgiji, maelfu walikimbia kazi za shuruti na viboko wakaja kutafuta kibarua Uganda na Tanganyika. Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu ni wajukuu wao.

Tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Binadamu. Nchi 48 zilikubali, 8 hazikuunga mkono wala kupinga, na hakuna iliyokataa. Ubelgiji ilikubali, na Kongo bado ikiwa koloni lake. Kifungu cha 4 kinakataza utumwa. Kifungu cha 23 kinasema mfanyakazi ana haki ya kupata malipo sawa kwa kazi sawa, ujira utakaomwezesha yeye na jamaa yake kuishi maisha yanayostahili utu wa mtu, na haki ya kuunda chama cha wafanyakazi na kujiunga nacho.

Maneno hayo yalikuwa ya watu wote, hata kama waliopiga kura hawakuwakumbuka watu wote. Ndipo watu wa makoloni walipoyachukua wakayatumia. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa posta Stanleyville, alisimama tarehe 30 Juni 1960 mbele ya Mfalme wa Wabelgiji akaeleza kazi ya kuvunja mgongo, ujira usiotosha chakula, na vipigo. Aliyasema siku ile ya uhuru, wakati wageni walitaka kusikia shukrani.

Wafanyakazi wajieleza wenyewe

Vitabu na picha tulizotaja hapo juu zilikuwa kazi za wageni. Walitusaidia, lakini walituona kutoka nje. Joseph Conrad alifanya kazi katika meli ya mto Kongo mwaka 1890, na mwaka 1899 akatoa hadithi yake Heart of Darkness. Hadithi hiyo inamlaumu mkoloni, lakini mwaka 1975 Chinua Achebe wa Nigeria alionyesha ubaya wake: Mwafrika ndani yake ni kama kivuli, na maneno yake ni machache mno.

Lakini wapo waliosema kwa mdomo wao, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani huko Elisabethville, mji tunaouita sasa Lubumbashi, kilitoa historia ya mji huo iliyoandikwa na André Yav. Watu waliowapikia na kuwafulia wakubwa waliandika jinsi mji ulivyojengwa, na ni nani waliobeba mzigo.

Na katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi yake, na kuzieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Yeye na wachoraji wenzake walichora mara nyingi juu ya nguo ya magunia ya unga. Picha moja iliyopendwa sana iliitwa Colonie Belge: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga, mkubwa wa Kizungu amesimama anatazama. Waliozinunua walikuwa wafanyakazi wa Lubumbashi, wakazitundika ukutani sebuleni. Wengine wangeuliza kwa nini mtu atundike nyumbani picha ya fedheha yake. Sisi twaona ni kwa sababu ile ile iliyomfanya Lontulu akate vijiti. Jambo lisilowekwa alama leo, kesho litaambiwa halikutokea.

Neno lafika mahakamani

Sasa turudi kwa maneno matatu ya Williams. Mwaka 1945, baada ya Vita Kuu ya Pili, uhalifu dhidi ya ubinadamu uliandikwa kuwa kosa katika hati ya mahakama ya Nuremberg, wakahukumiwa nalo viongozi wa Hitler. Na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliihukumu serikali ya Ubelgiji yenyewe kwa kosa hilo. Walioshitaki walikuwa wanawake watano waliozaliwa Kongo wakati wa ukoloni, mama zao Waafrika na baba zao Wazungu. Walipokuwa watoto wadogo walinyang'anywa mama zao kwa sababu ya rangi, wakapelekwa kwenye misheni. Kesi yao ilishindwa mwaka 2021. Walikata rufaa, wakashinda, na kila mmoja akaamriwa kulipwa euro 50,000.

Tangu barua ya 1890 mpaka hukumu hiyo ni miaka 134. Waliouawa kwa mpira hawakulipwa. Lakini neno lililokuwa wazo la mtu mmoja limekuwa kosa ambalo serikali yaweza kuhukumiwa nalo.

Na sisi je?

Basi jibu la yule ndugu anayedai glavu ni hili: glavu zako ndizo haki za binadamu. Mwezi Juni 2022 ILO iliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kuanza nguvu mwaka 1986, unazungumzia katika kifungu cha 15 haki ya kufanya kazi katika hali nzuri na ya kuridhisha. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 40, yataja haki ya kujiunga na chama, kujadiliana kwa pamoja, na kugoma kwa kufuata sheria. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yataja uhuru wa vyama na haki ya mgomo katika vifungu vya 38 na 39.

Lakini karatasi haijilindi yenyewe. Tazameni kima cha chini cha mshahara hapa Uganda. Mwaka 1984 kiliwekwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na kikaachwa hapo kwa zaidi ya miaka 30, huku bei ya unga na sabuni ikipanda. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada mpya, Rais hakuutia sahihi. Haki ya ujira unaostahili utu ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 1948.

Kwa hiyo kila tawi lifanye kazi ya Lontulu. Tunashauri hivi:

Kwanza, kila kikundi cha kazi kiwe na daftari moja. Mwandike tarehe, jina la aliyeumia au aliyekatwa ujira, mahali, saa, na majina ya mashahidi wawili. Asiyejua kuandika aseme, mwenzake aandike.

Pili, msitupe hati za mshahara wala kadi za kazi. Morel aligundua wizi wa nchi nzima kwa kulinganisha kilichoingia na kilichotoka. Nanyi linganisheni kilo mlizopima na kilo mlizolipwa.

Tatu, daftari lisikae kwa mtu mmoja. Nakala apewe katibu wa tawi, na nyingine iwekwe nje ya kambi. Shahidi akihofia kazi yake, jina lake litunzwe na chama, lisitangazwe kabla ya wakati.

Nne, kibarua wa msimu na ndugu aliyevuka mpaka bila karatasi waandikwe pia. Azimio la 1948 halikusema "kila raia". Limesema "kila mtu".

Tano, malalamiko yaende kwa utaratibu: kwa mwakilishi, kwa tawi, kwa ofisa wa kazi wa wilaya, na ikibidi mahakamani. Mtu mmoja akienda peke yake hufukuzwa. Wakienda mia wenye daftari husikilizwa, ingawa si siku ya kwanza.

Katika mkutano ujao wa kila tawi, kabla ya kuzungumza jambo lolote, katibu aulize: madaftari yako wapi?

Umoja ni nguvu.